Homa ya Aliyetoka Safarini: Somo la Kipimo cha Malaria kwa Wakazi wa Kasingirima na Wageni Wao



Katika kata ya Kasingirima, Ujiji, safari si jambo geni. Reli ya Kati inaishia Kigoma mjini, karibu na hapo, na boti za ziwani huenda kusini mpaka Kalya na Kirando, huvuka kwenda Kongo, na hupanda kaskazini kuelekea Burundi. Kuna watoto wa Ujiji wanaosoma Moshi na Arusha. Kuna ndugu walio Dar es Salaam, Zanzibar, Muscat na London. Harusi, msiba na Sikukuu ya Idi huwarudisha nyumbani kwa wiki mbili au tatu, kisha kila mmoja hushika njia yake.

Somo hili linahusu homa inayomshika mtu siku chache baada ya kufika, au baada ya kuondoka. Tumeliandika kwa sababu homa ileile, kwa mtu yuleyule, huwa na maana moja ikimshika akiwa Ujiji na maana nyingine ikimshika akiwa Moshi, na mpimaji aliye upande mmoja hana njia ya kuujua upande wa pili asipoambiwa. Mamlaka hudhibiti ubora wa vitendanishi na vifaa vya kupimia. Lakini hata kifaa kilichopita kila ukaguzi hakiwezi kumwuliza mgonjwa alikotoka.

Homa moja, miji miwili

Utafiti wa Viashiria vya Malaria uliofanyika nchini mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma. Hakuna mkoa mwingine wa Tanzania Bara uliokuwa na kiwango kikubwa kama hicho mwaka ule. Katika mikoa ya nyanda za juu kaskazini, yaani Kilimanjaro, Arusha na Manyara, kiwango kilikuwa chini ya asilimia 1. Nchi moja, wizara moja, mwongozo mmoja wa matibabu. Lakini mtaalamu wa maabara anayekaa Kigoma na mwenzake anayekaa Moshi wanatazama damu za watu wanaoishi katika mazingira mawili yasiyofanana hata kidogo.

Zamani tofauti hii haikuzingatiwa. Kila homa iliitwa malaria, kiasi kwamba katika maongezi ya mtaani maneno hayo mawili yalibadilishana nafasi. Katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kati ya mwaka 2002 na 2003, watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali. Damu zao zilipopimwa upya kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea walikuwa 2,062 tu, chini ya nusu. Linalotuhuzunisha zaidi ni kwamba wale wasiokuwa na vimelea ndio waliokufa kwa wingi zaidi, takriban 12 katika kila 100, wakati wenye malaria ya kweli walikuwa takriban 7 katika kila 100. Ugonjwa wao halisi haukutafutwa kwa kuwa jina lilikwisha kupatikana. Miaka michache baadaye, mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi walichunguzwa kwa kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa nayo walikuwa 14.

Kwa hiyo daktari wa Moshi wa leo amejifunza, na amefanya vyema kujifunza, kutoharakisha kutaja malaria. Hutafuta nimonia, homa ya matumbo, homa ya mgunda na maambukizi katika damu. Sasa tuchukulie kwamba mbele yake ameketi mwanafunzi wa bweni mwenye umri wa miaka 17, mwenye homa, kichwa kinachogonga na kichefuchefu. Amevaa sare ya shule ya pale pale Moshi na anwani iliyoandikwa katika daftari la wagonjwa ni ya Moshi. Hakuna kinachoonyesha kwamba siku 11 zilizopita kijana huyu alikuwa amelala katika baraza ya bibi yake Kasingirima, usiku wa joto, bila chandarua, kwa sababu nyumba ilijaa wageni. Kwa wanafunzi wenzake malaria ni jambo la mbali. Kwake yeye ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Sentensi moja ingebadilisha mpangilio mzima wa uchunguzi, na sentensi hiyo anayo yeye mwenyewe.

Zanzibar imekwisha kulifanya swali la safari kuwa sehemu ya utaratibu. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vya Unguja na Pemba vimekuwa vikitoa taarifa za wagonjwa wa malaria kwa simu ya mkononi, na baadaye mhudumu humfuata mgonjwa nyumbani, huwapima wanakaya wenzake na huandika safari zake za karibuni. Wengi wanaokutwa na vimelea husema walikuwa Bara. Mahali pengine nchini swali hilo hutegemea kumbukumbu ya daktari na wingi wa watu walio katika foleni.

Tunashauri basi msafiri aseme mwenyewe, kabla hajaulizwa, na aseme kwa ukamilifu. “Nimesafiri” pekee haitoshi. Kusema “nimetoka Tanzania” ukiwa Muscat, au “nimetoka bara” ukiwa Unguja, pia hakutoshi, kwa kuwa Tanzania ina Kigoma na ina Kilimanjaro. Maelezo kamili huwa hivi: “Daktari, nilikuwa Ujiji, mkoa wa Kigoma, kwa wiki tatu. Nimerudi siku kumi zilizopita. Sikutumia dawa ya kujikinga. Nikiwa huko nilipata homa na nikanywa dawa mseto, lakini sikumaliza.” Maneno hayo huchukua nusu dakika. Hilo la mwisho, la dawa ambayo haikumalizwa, watu huona aya kulisema. Lisemwe, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Siku ngapi tangu kuumwa na mbu

Mbu jike aina ya anofelesi anapomwuma mtu na kumwachia vimelea, homa haiji usiku ule. Vimelea huingia kwanza katika ini na kuzaliana humo kimyakimya. Kwa aina iliyo hatari zaidi na iliyoenea zaidi kwetu, plasmodiamu falsiparamu, mtu huanza kuumwa kuanzia takriban siku ya 7, na wengi huumwa katika mwezi wa kwanza. Hivyo mgeni anayeshikwa na homa siku ya tatu tangu afike Kigoma kwa mara ya kwanza kutoka sehemu isiyo na malaria, kwa kawaida ana ugonjwa mwingine, au amekuja na ugonjwa wake. Na anayeshikwa na homa wiki tano baada ya kurudi Arusha asidhani muda umekwisha kupita. Wengi wa wasafiri wanaougua falsiparamu huugua ndani ya miezi mitatu tangu waondoke. Aina nyingine, kama vaivaksi na ovale, huweza kujificha katika ini na kuamka baada ya miezi mingi. Ndiyo maana daktari makini huuliza juu ya safari za mwaka mzima uliopita.

Dawa za kujikinga hupunguza sana hatari, ila zisipotumiwa kwa ukamilifu huweza kuchelewesha dalili na kupunguza idadi ya vimelea hadi vikawa vigumu kuonekana. Aliyezitumia aseme alizitumia, na aseme alizikatisha lini.

Hapa ipo dhana moja ambayo tumeisikia mara nyingi mno: kwamba aliyezaliwa Ujiji hawezi kusumbuliwa na malaria ya Ujiji. Dhana hii ina chembe ya ukweli. Mtu mzima anayeishi Kasingirima mwaka baada ya mwaka huumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi, na mwili wake hujenga kinga isiyo kamili. Huweza hata kuwa na vimelea katika damu bila kuugua. Kinga hiyo, hata hivyo, hutunzwa na kuumwa huko huko. Mtu akihamia Muscat au London hupungua, na mtoto aliyezaliwa huko hakuwa nayo tangu mwanzo. Shangazi anayemwambia mgeni wake, “Wewe ni wa hapa hapa, mbu wanakujua,” anamwambia kwa upendo, lakini anamnyima chandarua mtu anayekihitaji kuliko wote nyumbani.

Kipimo cha hadubini na hesabu ya “wadudu”

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone hapa Ujiji, wote wawili walikuwa wameugua homa mara nyingi njiani, na kwinini waliijua. Kipimo hawakuwa nacho, wala hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa nacho: kimelea cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, pale daktari Mfaransa Alphonse Laveran alipokitazama kwa hadubini huko Algeria. Kazi anayofanya mtaalamu wa maabara leo katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni ileile kwa msingi wake. Anachukua tone la damu, analitia rangi, analitazama.

Kipimo hiki wananchi hukiita BS, kwa herufi zinazoandikwa katika fomu. Hutayarishwa kwa namna mbili juu ya kioo. Tone nene hukusanya damu nyingi mahali pamoja ili kimelea kisipotee; utando mwembamba huonyesha umbo la kimelea ili aina yake ijulikane. Tone nene lazima likauke, kisha litiwe rangi ya Giemsa kwa dakika kumi au zaidi, lioshwe, likauke tena. Baada ya hapo mtaalamu anatakiwa kupitia angalau maeneo 100 ya kioo kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Majibu ya BS yanayokabidhiwa dakika tano baada ya kutoboa kidole yana mashaka, na mteja ana haki ya kuuliza yamepatikanaje.

Tuje kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo maneno ya maabara na maneno ya mtaani yanapopishana. Mtu hutoka maabara akisema, “Wamenikuta na wadudu wawili,” na mwenzake humpoza, “Wawili tu? Mimi nilikuwa na watano.” Wote hudhani wamehesabiwa wadudu wa mwili mzima. Sivyo. Mtaalamu huhesabu vimelea huku akihesabu pia chembechembe nyeupe za damu, na hukoma afikapo chembechembe 200. “Wadudu wawili” maana yake ni vimelea viwili mbele ya kila chembechembe nyeupe 200. Kwa makadirio ya kawaida, maikrolita moja ya damu ina chembechembe nyeupe 8,000, kwa hiyo kila “mdudu” wa hesabu hiyo ni vimelea 40 katika maikrolita. Wawili ni 80. Watano ni 200. Na maikrolita ni tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mtu mzima ana lita tano za damu.

Hesabu ndogo hiyo ina mambo mawili yanayomhusu msafiri. La kwanza: kwa mtu asiye na kinga, vimelea 80 leo si malaria ndogo. Ni malaria iliyo mwanzoni. Falsiparamu huzaliana kwa mizunguko ya takriban saa 48, na kila mzunguko huweza kuongeza idadi mara nyingi. La pili huonekana kupingana na la kwanza: ni katika hesabu hizi ndogo ndipo jicho lililochoka hukosea. Punje ya rangi, uchafu wa kioo, au chembe sahani ya damu huweza kuandikwa kama kimelea. “Mdudu mmoja” aliyeandikwa katika maabara yenye foleni ndefu huweza kuwa malaria ya kweli au asiwepo kabisa, na mtu anayetoka sehemu isiyo na malaria, asiyesafiri popote, anapopewa jibu la namna hiyo tunamshauri aombe kipimo kirudiwe kwa njia nyingine.

Jibu la “hakuna vimelea” nalo si neno la mwisho kwa aliyetoka safarini. Falsiparamu ina tabia mbaya: chembechembe nyekundu zilizobeba vimelea vilivyokomaa hunata katika mishipa midogo ya viungo vya ndani, na kwa saa kadhaa damu ya kidoleni huweza kuonekana safi au karibu safi. Kwa mjamzito hunata katika kondo la nyuma. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza kikiwa hasi na homa ikiendelea, kinapaswa kurudiwa baada ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu, ndani ya siku tatu. Hospitali za Uingereza hufuata kanuni hiyo kwa kila msafiri mwenye homa, na hapa kwetu hakuna kinachomzuia mgonjwa kuiomba. Anayekwenda nyumbani na jibu hasi la asubuhi, akalala siku tatu akijiambia “si malaria, nimepima,” yumo hatarini.

Kipimo cha haraka

Kipimo cha haraka, MRDT, hakitazami kimelea. Hutafuta protini ambazo kimelea huziacha katika damu. Ni kifaa kidogo cha plastiki chenye kishimo cha kutilia damu, kishimo cha kutilia maji ya kipimo, na dirisha linaloonyesha mistari. Mstari wa C huthibitisha kwamba kifaa kimefanya kazi. Mstari wa T huonyesha malaria. Mstari wa C usipotokea, jibu ni batili hata kama wa T umetokea, na kifaa kingine kitumike. Mstari wa T uliofifia ni jibu chanya sawa na uliokolea; hakuna “malaria kidogo” katika MRDT.

Kwa kuwa vifaa hivi husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba chini ya Sheria Sura ya 219, mteja anaweza kuangalia mambo machache mbele ya macho yake. Paketi ifunguliwe mbele yake, wakati huo huo wa kupima, si kabla. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe haijapita. Pakiti ndogo ya kunyonya unyevu iwemo. Maji ya kipimo yawe ya boksi lile lile, kwani kuchanganya maji ya mtengenezaji mmoja na kifaa cha mwingine huharibu jibu. Muda wa kusoma ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi dakika 15 au 20. Kifaa kilichoachwa mezani saa nzima huweza kuchora mstari usio wa kweli. Joto ni adui mwingine. Boksi huandikwa kiwango cha juu cha joto, kwa kawaida nyuzi 30 au 40, na boksi lililosafirishwa mchana juu ya paa la basi au lililoanikwa dirishani linaweza kuwa limeharibika huku tarehe yake ikiwa bado nzuri. Kwa maoni yetu hili la joto ndilo linalopuuzwa kuliko yote, maana haliachi alama.

Sasa turudi kwa yule aliyeona aya kusema kwamba alikwisha kunywa dawa. Protini inayotafutwa na MRDT nyingi, iitwayo HRP2, hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtu aliyetibiwa vizuri Ujiji tarehe mosi, akasafiri, akapata mafua Dodoma tarehe 15, atapimwa na kuonekana chanya. Atapewa dawa mseto mara ya pili bila sababu, na mafua, au jambo lililo zito kuliko mafua, litaachwa. Akisema kwamba alitibiwa wiki mbili zilizopita, mhudumu atajua kuomba BS, ambayo huona vimelea vyenyewe, au kifaa kinachotafuta protini nyingine, pLDH, ambayo hutoweka upesi vimelea vinapokufa. Na yule aliyekatisha dozi baada ya siku moja huweza kuwa na vimelea vichache vilivyobaki, visivyofikia kiwango cha kugunduliwa. MRDT nzuri hutegemewa kuanzia vimelea takriban 200 katika maikrolita, yaani wale “wadudu watano” wa BS. Ndiyo maana BS na MRDT za mtu mmoja, siku moja, huweza kupingana pasiwe na aliyekosea.

Wanaosafiri kwenda Pembe ya Afrika wajue pia kwamba huko kuna vimelea ambavyo havitengenezi HRP2 kabisa. Eritrea ililazimika kubadili aina ya kipimo chake cha haraka mwaka 2016 kwa sababu hiyo, na vimelea kama hivyo vimeonekana Ethiopia na Jibuti. Dereva wa lori aliyetoka upande huo mwenye dalili zote na MRDT hasi anahitaji hadubini.

Ndugu walio ng'ambo

Uingereza ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria mwaka 2023, wote walioambukizwa nje ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi, wengi wao wamekuwa watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu. Oman ilianza mpango wake wa kutokomeza malaria mwaka 1991, na wagonjwa wengi inaowapata siku hizi ni wasafiri. Katika nchi hizo daktari wa kawaida huweza kumaliza miaka bila kumwona mgonjwa wa malaria. Homa, maumivu ya viungo na uchovu humwelekeza kwenye mafua, hasa majira ya baridi, na mtoto anayetapika na kuharisha humwelekeza kwenye tumbo.

Wenyeji wa Kasingirima wana kazi hapa, na si nzito. Unapomfungia mgeni wako dagaa na mawese ya kupeleka nyumbani, mwambie pia kwamba kwa miezi mitatu ijayo homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, katika hospitali yenye maabara, na kwamba ataje Kigoma mlangoni. Kama alitibiwa huku, mpe karatasi ya majibu na pakiti tupu ya dawa aliyotumia, aviweke pamoja na pasi yake ya kusafiria. Asinunue dawa mseto ya akiba na kuinywa huko bila kupimwa. Akifanya hivyo atafifisha jibu la kipimo kitakachokuja.

Homa nyingine za ziwani

Aliyetoka Kigoma hana malaria peke yake ya kufikiriwa. Ipo homa ya papasi, ambayo Robert Koch aliichunguza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1905. Hupanda siku kadhaa, hushuka, kisha hurudi, na vijidudu vyake vyenye umbo la msokoto huonekana katika kioo kile kile cha BS. Upo ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, ambao mkoa huu umeujua kwa miaka mingi, na vimelea vyake navyo huonekana kwa hadubini. MRDT haioni hata kimoja kati ya hivyo. Ipo pia homa ya kichocho kwa mgeni aliyeogelea ziwani, inayoanza wiki kadhaa baadaye, na ipo homa ya matumbo. Kupata jibu chanya la malaria kwa mtu mzima mwenyeji hakuziondoi hizi, kwa kuwa, kama tulivyosema, mwenyeji huweza kubeba vimelea bila ya vimelea hivyo kuwa chanzo cha homa yake.

Pale pasipo nafasi ya kungoja

Dalili zifuatazo haziruhusu kusubiri kipimo cha kesho: mgonjwa kuchanganyikiwa au kusinzia asiamshike, degedege, kutapika kila anachokunywa, kupumua kwa shida, viganja na midomo kupauka, macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama kahawa. Wazee wetu wakisema malaria imepanda kichwani huwa wanaeleza dalili halisi, ila tusikubali dawa ya kienyeji itangulie. Huyu apelekwe hospitali mara moja, ambako malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, na vipimo vifanyike sambamba na matibabu. Mtoto mdogo na mjamzito wapelekwe mapema zaidi, kabla dalili hizo hazijatokea.

Kutoa taarifa

Mteja akishuku kwamba kipimo ni kibovu, kwa mfano vifaa kadhaa vya boksi moja kutoonyesha mstari wa C, au paketi kufunguka zikiwa na unyevu, atoe taarifa kwa mganga mfawidhi wa kituo au kwa ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Anachotakiwa kueleza ni jina la kipimo, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, mahali na siku kilipotumika. Boksi lisitupwe. Vifaa ambavyo havijafunguliwa vitunzwe kivulini, penye ubaridi, mpaka mkaguzi avichukue. Vilivyotumika, kwa kuwa vina damu, viachwe kituoni katika chombo chake cha taka.